Pikipiki Iliyolala Matangani

Katika ibada ya kumuaga Mama Riziki, mwezi uliopita, watu saba walisimama kueleza habari zake na hakuna hata mmoja aliyetaja pikipiki. Walisema alikuwa mwanamke wa sala, na kweli alikuwa. Walisema alipika sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, ya kushibisha kanisa zima, nayo kweli. Mchungaji alimwita mnyenyekevu, na hapo nikakohoa mpaka mama aliyeketi kando yangu akanipa peremende. Mimi mwenyewe niliitwa mbele kama mtoto wa nyumbani, kwa sababu niliishi kwake mwaka mmoja nilipokuwa na miaka ishirini na minne, lakini nilipoishika maikrofoni nikamwona binti yake Riziki kwenye benchi la kwanza, sasa ni mama wa watoto wawili, macho yamemvimba, nikajikuta nasema yale yale ya sala na sombe. Nimejilaumu tangu siku hiyo. Ninachoandika hapa ndicho nilichopaswa kusema pale, na kama ni kirefu mno kwa mazishi, basi afadhali kimekuja kwenye karatasi.

Nyumba ilikuwa Brooklyn Center, huku Minnesota, ndogo, ya kupanga, na chumba changu kilikuwa nyuma ya jikoni, kimeshikana ukuta na gereji. Nilikuwa nimetoka Kenya mwaka mmoja kabla, nafanya kazi ya kuwaogesha na kuwalisha wazee katika nyumba ya kutunzia wazee huko Minneapolis, naenda kwa basi na kurudi kwa basi. Ukuta ule ndio ulikuwa saa yangu. Jioni, saa kumi na moja na dakika chache, ulitetemeka, vikombe vikagongana kwenye kabati la jikoni, na Mama Riziki akasema bila kuinua kichwa, "Voilà, baba amefika." Baba Riziki alikuwa amebeba abiria kwa pikipiki huko Uvira, Kongo, kabla ya vita kuwafukuza, na huku Amerika, ambako alipanga maboksi kwenye ghala, kitu cha kwanza alichonunua baada ya vitanda kilikuwa pikipiki kuukuu ya Kijapani, nyekundu, ya kuwashwa kwa teke. Wanaume wenzake wa kanisani walinunua magari. Yeye aliingia jikoni akinuka petroli na upepo, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, akaketi mbele ya ugali wa muhogo na dagaa waliosafirishwa kutoka Ziwa Tanganyika kwa bei ambayo ilinifanya niwale kwa heshima. Mimi nilizoea ugali wa mahindi, na alinitania kila siku kwamba nyumbani kwetu tunakula chakula cha kuku.

Baba Riziki alifariki Oktoba, kazini, moyo ulisimama tu. Alikuwa ameenda kwa lifti ya mwenzake siku hiyo kwa sababu ya mvua, kwa hiyo pikipiki ilibaki gerejini, tangi nusu, matope ya jana yake kwenye magurudumu. Wiki mbili nyumba ilijaa watu, magodoro sebuleni, masufuria ya wali, nyimbo. Mama Riziki alivishwa nguo nyeusi, na wazee wa upande wa mume wakatoa mashariti ambayo kwao ni kawaida: mpaka siku ya kuondoa matanga, kitu cha marehemu hakiguswi. Si shati, si saa, si kiatu kilichobaki mlangoni. Siku ikapangwa iwe Mei, theluji ikishaisha, ili ndugu walio mbali waweze kusafiri. Aliyeipanga ni kaka mkubwa wa marehemu, dereva wa lori aliyeishi jimbo jingine, na nilimsikia kwa masikio yangu maana Mama Riziki alikuwa ameiweka simu mezani kwa sauti kubwa huku akichambua maharagwe. "Shemeji," sauti ilisema, "ile pikipiki ni ya ukoo. Mei nitakuja na pikapu, niibebe. Mpaka siku ile mtu asiitie mkono. Tumesikilizana?" Mama Riziki akajibu, "Tumesikilizana, shemeji." Akakata simu, akaendelea na maharagwe, halafu nikaona hachambui tena, anayahamisha tu kutoka upande huu wa sinia kwenda upande ule. Nikamuuliza kama anataka pikipiki iondoke. "Weye Naliaka," akaniambia, "kuna kitu cha huyu mwanaume kimebaki kwangu? Watoto watakuwa wakubwa, wataenda. Ile tu. Ile ndiyo minataka ibaki." Hakulia. Sikumwona akilia mwaka ule wote, na nilijitia kumwonea huruma kwa hilo, nikidhani amekufa ganzi.

Ng'ambo ya kichochoro nyuma ya nyumba aliishi Mmarekani mmoja mstaafu, Dale, mwenye pikipiki tano na ulimi usiochoka. Mwisho wa Oktoba nilimkuta akizilaza kwa ajili ya baridi. Sikuwa nimewahi kuona kitu kama hicho. Kwetu pikipiki hailali, ikilala mwenyewe amelala njaa. Huyu alikuwa amezipanga tano kwa mstari, amezifuta zikang'aa, akawa anazunguka kutoka moja hadi nyingine na chupa ya dawa na tochi kama daktari wa zamu. Akaniuliza kuhusu ile nyekundu, nani anaishughulikia. Nikasema hakuna, tuko matangani. Akatikisa kichwa, akaniita ndani, akateremsha kutoka kwenye rafu chupa ya kioo iliyowahi kuwa na jamu. Ndani yake kulikuwa na petroli ya mwaka uliopita, akaniambia nitazame dhidi ya dirisha. Nikatazama. Kulikuwa na maji mawili ndani ya chupa moja, moja juu ya jingine, na kati yao mstari mnyoofu kabisa. Akaitikisa, mstari ukapotea, akaiweka chini, na tukasimama pale mpaka mstari ukarudi wenyewe taratibu. Sijui kwa nini nywele zilinisimama. Akaeleza kwamba petroli ya hapa Minnesota huchanganywa na pombe inayotengenezwa kwa mahindi, na pombe hiyo inapenda maji, inayavuta kutoka kwenye hewa, miezi ikipita inazama nayo chini ya tangi na kula chuma, na kinachobaki juu kinaoza na kuganda.

"Pombe ya mahindi?" nikamuuliza. "Yaani ni chang'aa?"

Ikabidi nimweleze chang'aa ni nini, na jinsi nilivyoona watu wakiipika kwa mapipa na mabomba kwenye kingo za mto. Alicheka mpaka akashika meza. Halafu akanionyesha kidude cha shaba kidogo kuliko ukucha wangu, kilichotoka kwenye kabureta ya pikipiki aliyoisahau mwaka mmoja, chenye tundu ambalo sindano ya kushonea isingepita, na tundu hilo lilikuwa limezibwa na kitu cha rangi ya asali, kigumu, kama utomvu wa fenesi uliokauka. Pikipiki nzima, akasema, mtu na mzigo wake na mlima wake, vyote hupitia hapa. Nilikishika kiganjani muda mrefu. Nimefanya kazi ya uuguzi tangu hapo, nimesoma, nimeona mioyo ikizibuliwa, na kila nikimweleza mgonjwa habari za mishipa yake huwa nakiona kile kidude cha shaba.

Nilirudi nyumbani na kiherehere changu chote. "Mama Riziki, hiyo fuel itaharibika. Ina pombe ndani. Inafaa tui-drain, tuweke dawa, saa hii kabla baridi haijashika." Alikuwa anapiga pasi nguo za shule za Riziki. Akaniuliza maswali, mengi kuliko nilivyotarajia: itaharibika namna gani, itachukua miezi mingapi, ikishaharibika inaweza kutengenezwa, na kazi ya kuitengeneza ni kubwa? Nikamjibu yote kama nilivyofundishwa. Kabureta ifunguliwe, isafishwe, tangi lioshwe kutu. Ni kazi ya wiki, lakini anayejua ataifanya. Mpaka hapo nikadhani nimemshika. Akageuza shati, akasema, "Bon. Haiguswe. Ni desturi, dada. Na weye usiiguse." Nikaingia chumbani nikiwa na hasira, na hasira yenyewe sikuiona kuwa ni ya kijinga. Nilijiambia kwamba desturi ya watu hawa ilitungwa mahali ambapo petroli haina pombe wala baridi haifikii mahali pa kugandisha kope, na kwamba mjane anaogopa shemeji hata gerejini kwake mwenyewe. Chuma kile kikioza, hatakipata yeye wala ukoo. Kikiwa hai, labda shemeji ataona kimetunzwa, atalainika. Nilikuwa na umri wa kuamini kwamba mtu akikunyima ruhusa ni kwa sababu hajaelewa.

Jumapili moja ya Novemba, Mama Riziki na watoto walipokuwa kwenye mazoezi ya kwaya, Dale alinipeleka kituo cha mafuta. Kuna pampu moja pembeni, yenye kibandiko kinachosema ni ya pikipiki, mashua na magari ya kale tu, na petroli yake haina pombe. Nilijaza dumu, nikalibeba kama mtu anayebeba maziwa ya mtoto. Dale alinionyesha kwa mikono jinsi ya kutumia mpira wa kunyonya mafuta, kisha akakataa kuvuka kichochoro, akasema hayo ni ya familia. Kwa hiyo niliingia gerejini peke yangu. Nilisimama mbele ya ile pikipiki nikiwa na koti langu la kazi, na nikaogopa kwelikweli. Sikuogopa mzimu. Niliogopa matope yale kwenye magurudumu, ambayo yeye ndiye aliyeyapitia. Nikasema kwa sauti, "Baba Riziki, niwie radhi," nikaifanya kazi: nikatoa mafuta ya zamani yote, nikatia dawa, nikajaza tangi mpaka mdomoni ili hewa isipate pa kukaa. Teke la nne ikawaka. Ukuta wa chumba changu ukatetemeka, vikombe vikagongana jikoni ndani ya nyumba isiyo na mtu, na nikasimama pale na machozi yakinitiririka kwa sababu masikio yangu yaliamini kwamba amefika. Niliiacha ingurume dakika tano, nikafunga kile kibomba kidogo chini ya tangi kinachoteremsha mafuta, nikangoja mpaka inywe tone la mwisho na kuzima yenyewe. Sikuifuta hata kidogo. Dumu nikamrudishia Dale, mikono nikanawa mpaka kwenye viwiko.

Basi baridi ikaja. Watu wakiniuliza Minnesota ikoje nakosa maneno hata leo, baada ya miaka hii yote. Kuna siku hewa ilisimama, moshi wa mabomba ya nyumba ukapanda wima bila kuyumba, na nikivuta pumzi nilisikia ndani ya pua kitu kikikatika. Nyumba usiku ililia mbao zikijivuta. Na upande wa pili wa ukuta wangu ile pikipiki ilikuwa imelala, tangi limejaa, na mimi peke yangu katika nyumba ile nilijua haiozi. Siri hiyo ilinipa joto ambalo blanketi halikunipa. Jumamosi asubuhi Mama Riziki alikuwa na mazoea ya kuingia gerejini na kikombe cha chai, akaketi kwenye kreti na buti zake na shali mbili, akaitazama bila kuigusa. Nilimsikia akisema nayo kupitia ukutani. "Lala," alikuwa akisema, kwa sauti ya mtu anayebembeleza. "Lala kabisa." Nikavuta blanketi nikajiambia, mama huyu ana upendo gani, ngoja tu, Mei utaniona.

Mei ikafika, zikabaki siku mbili kabla ya siku ya kuondoa matanga. Tulikuwa jikoni, tunatwanga majani ya sombe, Riziki yuko shule. Sikuweza kujizuia tena. Nikamwambia yote, kuanzia pampu ya pembeni mpaka teke la nne, nikamalizia kwa furaha, "Kwa hivyo usijali, Mama Riziki. Itawaka!"

Mchi ulisimama hewani. Akaushusha polepole, akaegemea sinki, akanitazama kama mtu anayehesabu nina miaka mingapi.

"Weye nani alikutuma?"

"Hakuna. Nilitaka kukusaidia."

"Minaelewa. Naliaka, sikiliza. Weye ndiye uliniambia ile mafuta itakula pikipiki. Si weye? Uliniambia mpaka Mei itakuwa imekufa, na kuifufua ni kazi ya wiki. Nikasema, merci Mungu. Shemeji aliniambia mtu asiguse. Bon, sitagusa. Nitakuwa mjane mzuri, nitatii kila neno. Na ile mafuta itafanya kazi yake. Shemeji akija, atakuta maiti ya chuma. Mtu gani anabeba maiti kwa pikapu siku mbili? Angeniachia. Na mimi ningekuwa na maisha yangu yote ya kuifufua pole pole."

Nilitamani sakafu inimeze. Miezi saba huyu mwanamke niliyemhurumia kwa kuogopa shemeji alikuwa ameketi kwenye kreti akiihimiza petroli ioze. Hakuwa amevunja shariti hata moja. Alikuwa amelichukua agizo la shemeji neno kwa neno na kuligeuza ukuta wa kumzuia shemeji mwenyewe, na aliyelibomoa ni mimi, mpangaji mwenye dumu. Nikaanza kubwabwaja: bado kuna siku mbili, naweza kuitoa petroli yote, naweza kutia maji, sukari, hakuna atakayejua. Akaninyamazisha kwa mkono wenye majani mabichi. "Hapana. Kuacha kitu kife, ile nilikuwa naweza. Kukiua, siwezi. Ni pikipiki ya mume wangu." Akaushika mchi. "Twanga, dada. Wageni wanakuja."

Walikuja. Shemeji alifika na pikapu yenye kamba mpya nyuma, mtu mrefu, mpole kuliko sauti yake ya simu, mwenye macho ya marehemu kabisa, jambo ambalo hakuna aliyekuwa ameniambia. Tulisali, tukala, wanawake wakamvua Mama Riziki nguo nyeusi chumbani wakamtoa akiwa amevaa kitenge cha kijani, na vigelegele vikapigwa mpaka Dale akachungulia juu ya uzio. Vitu vikagawanywa sebuleni: suti, viatu, saa, Biblia. Kisha watu wote wakahamia gerejini. Shemeji akazunguka pikipiki, akafungua kifuniko cha tangi, akaona limejaa petroli safi, akashangaa kidogo. Akapanda, akapiga teke. Kimya. Akapiga tena, na tena, akavua koti, akapiga mpaka jasho likamtoka, na haikukohoa hata mara moja. Hapo ndipo nilipokumbuka. Kibomba kilikuwa kimefungwa. Nilikifunga mimi mwenyewe Novemba, na huyu bwana, dereva wa lori, hakujua hata kama kipo. Kilichotakiwa kwangu ni kunyamaza tu. Nikamtazama Mama Riziki, naye alikuwa anakitazama kile kibomba. Alikuwa ameshakiona. Tulikuwa wawili tu katika watu wale thelathini tuliojua, na wala hakunigeukia.

Shemeji akashuka, akapangusa uso kwa kiganja. "Imekufa," akasema. Akaiwekea mkono kwenye kiti. "Imekufa kama mwenyewe."

Mama Riziki angekuwa amepata alichotaka. Sentensi ile ndiyo aliyokuwa ameingojea tangu Oktoba, imetoka katika kinywa kile kile kilichoiita mali ya ukoo, mbele ya mashahidi. Lakini nilimwona Mama Riziki akitikisa kichwa, mara moja, kwa nguvu, kama mtu aliyetukaniwa mtu wake. Akapenya katikati ya watu. Akakusanya kitenge chake cha kijani, akakikaza kiunoni, akainama na kufungua kibomba bila kutafuta, akavuta choki, akaitoa kwenye msumari ukutani kofia ya pikipiki ya mumewe akaivaa juu ya kilemba, akapanda. Nyuma yangu nilimsikia Riziki akinong'ona kwa Kiingereza chake, "Wait, Mom can ride?" Teke la kwanza ilikohoa. La pili ikanguruma, gereji ikajaa moshi na mlio ule, na wanaume wakubwa wakashika midomo, kwa maana kila mtu pale alikuwa ameshawahi kusikia mlio huo ukiingia uani kwake. Mama Riziki akaachia klachi taratibu, akatoka, akapinda kichochoroni bila kuweka mguu chini, akaenda.

Tulisimama tukisikiliza. Mlio ulipita nyuma ya nyumba za jirani, ukafika barabara kubwa, ukapanda, ukawa mwembamba, ukaisha. Sijui ilikuwa muda gani, pengine nusu saa, na katika maisha yangu sijaona watu wengi hivyo wakikaa kimya hivyo bila kuambiwa wasali. Nililia waziwazi, na sikulia kwa huzuni. Nilikuwa nimekaa naye mwaka mzima na sikuwa nimemjua hata kidogo, na nilishukuru Mungu kwamba nimekuwepo siku ya kujua.

Aliporudi alikuwa na vumbi kwenye kope na mistari miwili iliyoteremka mashavuni kuelekea masikioni, jinsi machozi yanavyokwenda yakisukumwa na upepo. Akazima, akachomoa ufunguo, akashuka mbele ya shemeji.

"Nani alikufundisha?" yule bwana akauliza.

"Ndugu yako. Uvira, kwenye barabara ya ziwani. Siku alikuwa na malaria, abiria wake nilibeba mimi."

"Hakuniambia."

"Alinikataza nisiseme. Aliogopa mutamucheka."

Akaivua kofia, akampa kwa mikono miwili. "Hii iko na jasho lake ndani," akasema. "Hii ndiyo ya ukoo, shemeji." Yule mtu mrefu akaipokea. Akaigeuza, akaingiza uso wake wote ndani, akakaa hivyo mabega yakimtikisika, na Mama Riziki akangoja pembeni yake, ngumi moja imefumbwa juu ya ufunguo. Kisha shemeji akatoka nje na kofia kwapani, akaenda kwenye pikapu, akazikunja zile kamba mpya moja moja akazisukuma chini ya kiti. Ufunguo hakuuomba.